Usiuziwe Skii Fupi

Mwanamke akiingia dukani kutafuta skii za theluji ya kina, muuzaji mwenye haraka humpima kwa jicho mara moja, humteremshia jozi inayomfika kidevuni na kumwambia itamfaa kwa kuwa ni nyepesi na rahisi kugeuza. Mwanamume mwenye kimo kilekile na uzito uleule atapewa jozi inayompita kichwa. Nimeyaona haya miaka nenda miaka rudi na sijachoka kuyalalamikia, kwa sababu katika theluji laini inayofika magotini skii fupi haina urahisi wowote. Inazama, na mwenye nayo anazama.

Mimi ni fundi wa skii. Nilizaliwa Tanga, ambako baridi kali ni ile ya kukufanya ujitande kanga ya pili alfajiri. Sasa kila majira ya baridi kazi yangu ni kunoa kingo, kupaka nta na kufunga vishikio vya buti kwenye karakana iliyo nyuma ya duka, chini ya milima ya Wasatch katika jimbo la Utah, Marekani. Waswahili huku si haba. Salt Lake City imepokea familia nyingi za Wakongo na Warundi, na Kiswahili utakisikia kwenye mabasi, makanisani na penye maduka yanayouza unga wa ugali. Watoto wa familia hizo wamekua na theluji mlangoni. Wengine walipelekwa mlimani na shule, wakaipenda, na sasa wana mishahara yao na wanataka skii zao. Hao ndio wanaoniuliza maswali, na kwa ajili yao naandika, wao na wenzao walioko Norway, Uswisi na Kanada. Msomaji wa Dar es Salaam au Bujumbura ambaye hana mpango wa kukanyaga theluji naye karibu. Kuna hesabu kidogo na porojo za kutosha.

Tuanze na theluji yenyewe, maana zote si sawa. Dhoruba zinazofika kwetu hutoka Bahari ya Pasifiki zikiwa zimebeba maji tele. Zikipanda milima ya Sierra Nevada ya California hutua sehemu kubwa ya mzigo huo, kisha huvuka jangwa la Nevada zikizidi kukauka. Zikifika Wasatch hulazimika kupanda tena ghafla, zikapoa, na kilichobaki kikaanguka kikiwa chembe nyepesi zilizojaa hewa. Pale Alta, mahali pa skii palipofunguliwa mwaka 1939 juu ya bonde la Little Cottonwood, maji katika theluji mpya ni kama asilimia 8 tu kwa wastani. Yeyusha theluji ya kina cha mita moja, utabaki na maji ya sentimita nane hivi. Msimu wa 2022 hadi 2023 Alta ilipokea inchi 903, karibu mita 23, ambayo ni rekodi yake. Barabara ya kupanda bondeni ilifungwa mara kwa mara kwa hofu ya maporomoko, na waliokuwa kwenye hoteli za huko juu waliamriwa wakae ndani hadi mizinga imalize kuiporomosha theluji iliyoning'inia. Kutoka nje wakati wa amri hiyo ni kuvunja sheria.

Mtu wa kilo 65 akishuka kwenye theluji kama hiyo kwa buti tupu atazama hadi mapajani, pengine kiunoni. Akivaa skii, uzito ule unatandazwa. Sasa piga hesabu. Skii ya mashindano ya slalom ya sentimita 155, yenye upana wa wastani usiofika sentimita 9, kwa jozi humpa kama sentimita za mraba 2,700 za kusimamia. Skii ya theluji laini ya sentimita 172, yenye upana wa wastani wa sentimita 12, humpa zaidi ya 4,100. Hiyo ni mara moja na nusu, kwa mwili uleule na miguu ileile. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni ya upana, lakini sehemu nyingine inatokana na urefu, na ndiyo inayonyofolewa mwanamke anapopewa jozi ya kidevuni.

Upana unaoandikwa kwenye skii ni namba tatu za milimita: ncha, kiuno na mkia. Ukiona 137-108-127, ile ya katikati ndiyo watu wanayoitaja wakiulizana, maana ndiyo sehemu nyembamba iliyo chini ya buti. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria na kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018, alishindana huko katika slalom kubwa. Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la skii, FIS, skii ya wanawake ya mbio hizo haipungui sentimita 188 kwa urefu na kiuno chake hakizidi milimita 65. Ni kifaa cha barafu ngumu: chembamba, kizito, kingo kama wembe. Ipeleke Alta asubuhi baada ya dhoruba na itakwenda chini ya theluji moja kwa moja, hata akiivaa bingwa. Skii za kila siku, za mteremko uliosawazishwa na mashine, huwa na kiuno cha milimita 75 hadi 95. Kuanzia 100 tunaanza kuzungumza habari za theluji ya kina.

Kwa mwanamke wa uzito wa kawaida anayetaka jozi moja ya kufanya kila kitu lakini anaishi kwa kuomba dhoruba, mimi husema kati ya 98 na 104. Kama tayari ana jozi ya kila siku na hii ya pili itatoka stoo siku za neema tu, basi 108 hadi 116. Zaidi ya 120 ni za watu wa Hokkaido, Japani, au wanaopandishwa mlimani kwa helikopta. Hapa kwetu, saa nne asubuhi mteremko umekwisha kanyagwa na kila mtu, na hapo chombo kipana kupindukia kinakuwa adhabu. Kwenye theluji iliyokazana, ukingo wa skii pana uko mbali na mstari wa mguu, na kila unapoulaza, goti ndilo linalobeba nguvu ya kuupindua. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanawake wanaocheza skii huumia kano za goti zaidi kuliko wanaume, kwa hiyo jambo hili silipuuzi.

Nikimpokea mteja karakanani, kabla ya kuzungumza bei huchukua jozi mbili na kumwonyesha. Naishika jozi ya kwanza, ya kawaida, na kuibana tumbo kwa tumbo. Zinagusana nchani na mkiani, na katikati unabaki uwazi wa kupitisha kidole. Huo ndio upinde wa asili wa skii. Ukisimama juu yake unakandamizika, na ukingo wote unashika ardhi. Kisha naibana jozi ya theluji laini. Hizi zinagusana katikati peke yake, halafu karibu na ncha zinaanza kuachana mapema, zikipanuka taratibu hadi unaweza kuingiza kiganja. Mafundi huita mkunjo huo roka. Ncha imeinuka kama omo ya mashua: haichomi kilicho mbele, inakipanda. Bila roka, skii ndefu ingekuwa kazi kuigeuza. Ikiwa nayo, skii ya 172 inayogusa mteremko uliosawazishwa hugusa kwa sehemu tu ya urefu wake, na ndiyo maana hugeuka kama fupi huku ikielea kama ndefu. Hapo ndipo hoja ya "fupi ni rahisi" inapokufa.

Umbo hili lina historia ya watu wakaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Rupert Huber wa kampuni ya Atomic, Austria, alipasua ubao wa snoubodi katikati kwa urefu akapata skii mbili pana. Wengi walizicheka, wakaziona ni za wazee na wageni wasiojiweza. Miaka michache baadaye Shane McConkey, mchezaji aliyejulikana kwa utani na kwa kuruka magenge, akachora kwenye karatasi ya kufutia mdomo, baani huko Argentina, skii yenye upinde uliogeuzwa kabisa na kiuno kipana kuliko ncha. Ili kuthibitisha hoja yake alishuka milima ya Alaska juu ya skii za kuchezea majini. Mwaka 2002 kampuni ya Volant iliitoa skii yake, ikaitwa Spatula, yenye milimita 125 katikati. Kwenye barafu haikufaa kitu. Kwenye theluji laini iliwafunga wengi midomo. McConkey alifariki mwaka 2009 milimani Italia, lakini karibu kila skii pana iliyo rafuni leo, ya kike na ya kiume, ina damu ya ile Spatula.

Sasa hiyo "ya kike" maana yake nini? Inategemea kampuni. Nyingine huchukua skii ileile ya wanaume, hubadilisha picha ya juu, huongeza saizi fupi, basi. Sioni ubaya, mradi bei ni moja. Nyingine hupunguza chuma ndani, yaani ule mchanganyiko wa alumini uitwao titanali, na kuweka kiini cha mti mwepesi kama paulonia badala ya mti mzito. Nordica kwa miaka mingi imeuza Enforcer kwa wanaume na Santa Ana kwa wanawake. Ni ndugu, ila dada amepunguziwa chuma. Tena wapo wanaosogeza mbele kidogo, sentimita moja au mbili, alama ya mahali pa kufunga buti. Hoja hii ilipigiwa debe kwa miongo na Jeannie Thoren wa Minnesota, aliyezunguka Marekani akiwaambia watengenezaji kwamba wanawake si wanaume wadogo, kwamba uzito wao umekaa chini na nyuma zaidi, na kwamba kwa kusogeza kishikio mbele na kuinua kisigino kidogo wengi wangeacha kukalia mikia ya skii. Nimewafungia wateja kwa namna hiyo na baadhi yao wamerudi wakicheka kwa furaha. Kwenye theluji ya kina, hata hivyo, ukisogeza mbele mno unakula urefu ule unaohitaji mbele ya buti ili ncha ibaki juu. Mimi huanzia kwenye alama ya kiwanda, na siiachi bila sababu.

Kuna pia kampuni zilizoanzishwa na wanawake wenyewe. Mojawapo ni Coalition Snow ya Jen Gurecki, na mama huyu ana udugu na kwetu: ndiye aliyeanzisha Zawadisha, shirika la mikopo midogo kwa wanawake wa Kenya. Kampuni yake ilikataa tangu mwanzo dhana kwamba skii ya mwanamke lazima iwe laini. Namuunga mkono, ingawa si kila mteja wangu anahitaji ubao mkakamavu.

Juzijuzi alikuja binti mmoja, familia yake ni ya Bukavu, anafanya kazi hospitali na kila mapumziko yuko mlimani. Alikwenda moja kwa moja penye rafu.

"Tantine, ile ya zambarau iko bei gani?"

Ilikuwa ya sentimita 158. Yeye ana 168, na ni mwenye nguvu. Alicheza mpira shuleni.

"Kilo ngapi, mwanangu?"

Akacheka, akataja. Sabini na mbili.

Nikampeleka rafu ya pili, nikamtolea 174 yenye kiuno cha 108, nyeusi, bila maua wala mapambo, iliyoandikwa ya wanaume. Akaishika nchani, nikamwambia aegemeze kiganja katikati, aikandamize. Ilipinda kidogo, ikamrudishia mkono. Ile ya zambarau alipoikandamiza vivyo hivyo ilikunjika bila kubisha. Nikamweleza: theluji ya asubuhi ni laini, lakini mchana inakuwa mabonge yaliyosukumwa huku na huku na kila aliyepita, na mtu wa kilo 72 akiyaingia kwa kasi na skii inayokunjika hivyo, ncha zitampiga chenga kila upande. Alitazama rafu zote mbili kwa muda, akauliza kama ile nyeusi inapatikana kwa rangi nyingine. Haikuwepo. Akaikodi kwanza, na kwa maoni yangu alifanya la busara kuliko kununua.

Ndiyo, uzito. Watu huulizwa kimo, wakati skii haijui kimo chako. Inajua kilo zilizo juu yake na kasi unayokwenda nayo. Kimo ni cha kuanzia tu. Kwa skii za theluji laini zenye roka, mwanamke anayejua kushuka miteremko ya wastani kwa utulivu aanzie kimo chake chenyewe, aongeze sentimita tano akiwa mzito au mpenda kasi, apunguze tano akiwa na kilo chache au akipenda kupita katikati ya miti iliyosongamana. Akiwa mkubwa wa mwili au mrefu sana atakuta skii za wanawake zinaishia 178 hivi, na hapo asione haya kuhamia upande wa wanaume. Anayejifunza wiki ya kwanza asinunue skii pana kabisa. Akodi nyembamba, ajue kwanza kulaza ukingo.

Kabla sijasahau, na huwa wanasahau wengi: buti. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja kizuri, nunua buti, kodi skii. Skii pana ni mzigo mkubwa wa kuelekeza, na kama kisigino kinapanda ndani ya buti kila unapoinama, amri yako haifiki chini. Wanawake wengi wana kisigino chembamba na shavu la mguu linaloanzia chini, na buti linalowabana shavu hilo huwasukuma wasimame wima au waegemee nyuma, mkao mbaya kuliko yote kwenye theluji ya kina. Fundi mzuri wa buti ataweza kulipanua au kuliinulia kisigino. Mlipe.

Vishikio navyo vina mambo yake. Breki, zile nguzo mbili zinazoshuka buti likichomoka, sharti ziwe pana kupita kiuno cha skii. Kwa kiuno cha 108 utahitaji breki ya 110 au 115, si ile ya 90 iliyotoka kwenye jozi yako ya zamani. Nguvu ya kuachia mguu hukokotolewa kwa uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na namna unavyocheza. Tafadhali usimwombe fundi akukazie zaidi eti usije ukapoteza skii chini ya theluji. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa skii ikichomoka kwenye theluji ya kina hupiga mbizi na unaweza kuitafuta saa nzima, ila dawa yake ni utepe mrefu wa rangi kali unaofungwa kwenye kishikio na kufichwa ndani ya suruali. Ikichomoka utepe unabaki juu.

Theluji ya kina huua, na sitajifanya kuwa skii nzuri inaliondoa hilo. Chini ya misonobari, matawi huzuia theluji isijae kuzunguka shina, pakabaki shimo lisiloonekana. Mtu akitumbukia humo kichwa chini mara nyingi hawezi kujitoa, na hukosa hewa kwa haraka. Kwa hiyo siku kama hizo unakwenda na mwenzako, mnaonana, mnaitana. Nje ya mipaka inayolindwa unahitaji kifaa cha kutoa na kupokea mawimbi, koleo na fimbo ya kuchunguzia, na mafunzo ya kuvitumia, na unasoma kwanza taarifa ya maporomoko ya siku hiyo kutoka Utah Avalanche Center.

Jozi mpya ya skii pana huku huuzwa kama dola 700 hadi 900, vishikio mbali. Ni pesa nyingi, nami huwashauri wateja wasubiri machipuko. Mwezi wa Aprili maduka huuza jozi zilizokuwa za kukodisha kwa nusu bei au pungufu, na nyingi zina vishikio vya reli vinavyosogea kufuata buti lolote. Saizi za 168 hadi 174 huondoka wiki ya kwanza, kwa hiyo uwahi.

Ukinunua kwa mtu mkononi, geuza skii kwanza. Mkwaruzo wa juujuu kwenye tumbo hujazwa kwa dakika chache, lakini mkato uliofika kwenye kiini, au ukingo uliotoka mahali pake karibu na kiuno, ni sababu ya kurudisha noti mfukoni. Kisha hesabu matundu yaliyozibwa juu. Jozi iliyokwisha kufungwa vishikio mara mbili bado ina uhai. Ya mara tatu mimi siitobolei, kwa kuwa skrubu mpya itakosa mti wa kushika. Na uliza umri wa vishikio. Kila mwaka watengenezaji hutoa orodha ya vile ambavyo mafundi wanaruhusiwa kuvirekebisha, na kishikio kikishatoka kwenye orodha hiyo hakuna karakana yenye akili itakayokigusa, hata kama kinang'aa na aliyekuuzia anaapa kwamba kimevaliwa msimu mmoja.